Nightbot kwenye bao letu la usiku: nyota nne, na salamu nimemnyang'anya

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka apate chake aende zake. Nightbot ni roboti ya bure ya kukaa kwenye gumzo la laivu, inafanya inachosema, na kama laivu yako ni ya aina ambayo mgeni akiingia katikati haambulii kitu, itakuokolea vidole na hasira. Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya salamu. Hilo lina mkasa wake na nitafika.

Kwanza mjue naipimia wapi. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi, baada ya Isha, tunarusha bao mubashara YouTube kutoka baraza la ami yangu, Ng'ambo hapa Unguja. Si Jaws Corner ya Mji Mkongwe, ambako kahawa, bao na watalii vimeshazoeana. Baraza letu ni la saruji, lina ufa katikati, na wageni wake wa siku zote ni wazee wa mtaa na paka. Mdogo wangu kaifunga simu kwenye kipande cha bomba juu ya ubao, kamera inatazama chini, na kimaikrofoni cha kubana kakibana kwenye kanzu ya ami. Mie nakaa mlangoni kwa ndani na laptopu, nashika gumzo. Watazamaji wetu si wengi lakini wametawanyika: Dar, Mombasa, Maskati, London, mmoja Kampala, na wengine hawasemi waliko na sisi hatuwaulizi.

Sasa shida ya bao kwenye skrini. Mpira una matokeo pembeni; mtu akiwasha dakika ya 70 anajua nani anaongoza kabla hajakaa vizuri. Bao halina magoli. Lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64 zinazohama usiku kucha, sasa hivi zangu, punde zako. Kete zenyewe ni komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe, juu ya ubao uliokwisha rangi, chini ya taa ya njano. Anayebania bando akatazama kwa 144p haoni kete hata moja, anaona mikono ya wazee wawili inapapasa ukungu. Hakuna aliyemfukuza, lakini dakika haijatimia keshatoka.

Namba ya watazamaji huwa naitazama inavyopumua: inapanda, inatulia, inashuka. Wengi huondoka bila neno. Wachache wanaouliza huuliza yale yale. Nani anaongoza? Hizo mbegu gani? Kwa nini huyu kaokota za mwenzake? Mbona yule kaacha pale hakuendelea? Mnacheza siku gani? Zamani nilikuwa nayajibu kwa mkono moja moja, na hapo ndipo palikuwa na balaa, kwa sababu laivu ina mchelewo. YouTube inakupa uchague: mchelewo wa kawaida, mdogo, na mdogo zaidi. Ule mdogo zaidi picha inamfikia mtu chini ya sekunde 5, ule mdogo chini ya 10. Sisi tunatumia mdogo, maana intaneti ya mtaani haistahimili kubanwa zaidi ya hapo. Basi anayeuliza "kwa nini kaokota zote zile?" anauliza jambo ambalo ubaoni limeshapita. Ongeza muda wangu wa kuandika, na jibu linamfikia wakati ami keshapeleka kete upande mwingine kabisa. Mgeni anasoma jibu, anatazama ubao, haviendani. Heri nisingejibu.

Nightbot analipa hapo. Naandika neno moja, jibu zima linatoka papo hapo kwa jina lake.

Kumwingiza ni kazi ndogo. Unakwenda kwenye tovuti yake, unaingia kwa akaunti ile ile inayomiliki chaneli, unabonyeza kitufe cha kumwita chanelini, kisha kwenye mipangilio ya YouTube unampa umoda, yaani usimamizi wa gumzo, ile alama ya spana ya bluu. Ukiusahau umoda utakaa unamwita na hatikisiki. Hakuna cha kupakua wala kusakinisha. Anaishi kwenye mitambo yao huko, laptopu yangu kongwe haimjui hata uzito wake. Na yuko Twitch vilevile, kwa wanaorushia huko michezo ya kompyuta.

Kazi yake kubwa ni amri. Unachagua neno, unaandika jibu lake, na kila neno hilo linapokuwa la kwanza kwenye ujumbe, jibu linatoka. Watu wamezoea kutanguliza alama ya mshangao ili amri isichanganyike na maneno ya kawaida, nasi tumefuata. Unaweza pia kupanga nani anaruhusiwa kuiita: wewe peke yako, mamoda, au kila mtu. Nimewaachia wote, na nikagundua kwamba wageni karibu hawaiti kabisa. Mzee wa Maskati hatoandika "!kanuni" hata umlipe, ataandika "JAMANI HUU MCHEZO VIPI" na mie ndiye ninayemwitia. Kwa hiyo usijisumbue kupamba orodha ya amri ukidhani watazamaji wataichezea. Amri ni za anayeshika gumzo.

Nionyeshe moja kwa karibu, kwa sababu humu ndimo kazi ilimo. YouTube hairuhusu ujumbe wa gumzo uzidi herufi 200. Hebu jaribu kueleza bao kwa herufi 200. Ami alicheka mpaka akashika ukuta. Alifundishwa na babu yake, na mpaka leo kuna usiku anaona jambo jipya. Tukakaa, yeye anataja, mie nafuta. Takasia, kanuni moja ngumu ya mchezo, tuliitupa mwanzo kabisa, maana ikitajwa tu wazee wanaanza kubishana na bao linasimama. Tukatupa kichwa na kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele. Nyumba, shimo kuu la kila mchezaji, ilituuma, lakini ikaenda nayo. Kilichobaki ni hiki:

"Kila mmoja ana kete 32. Ananamua moja moja toka mkononi. Akiweka palipo na kete na mbele yake pana za mwenzake, anazila. Safu ya mbele ya mtu ikibaki tupu, kafungwa."

Najua mjuzi wa bao ananijia juu. Kete 10 zinaanza ubaoni, 6 ndani ya nyumba na 2 na 2 kando yake, mkononi zinabaki 22. Na mtu anaweza kufungwa safu yake ikiwa na kete ila hana pa kwenda. Na baada ya kunamua kuna mtaji, hatua ya kete za mkononi zikiisha, ambao ni ulimwengu mwingine. Yote kweli. Lakini mgeni hajaja kufanya mtihani. Anataka aambiwe macho ayaweke wapi, na ukishamwambia "safu ya mbele", anayaweka hapo, na usiku mzima unaanza kumwingia. Akikaa nusu saa atauliza mwenyewe habari ya nyumba, na hilo swali ndilo tamu kujibu kwa mdomo.

Amri inayotufaa kuliko zote lakini ni !nani. Jibu lake hubadilika kila bao jipya, na uzuri wa Nightbot ni kwamba moda anaibadilisha humo humo ndani ya gumzo kwa "!commands edit", huna haja ya kurudi kwenye tovuti. Mdogo wangu ndiye mwenye kazi hiyo. Anaandika kwa mfano: "Ami yuko chini ya skrini, jirani yuko juu. Bado wananamua. Nyumba ya juu imeshaliwa." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo matokeo yetu ya pembeni. Hata asiyejua nyumba ni nini anaelewa kwamba wa juu kapata msiba.

Kuna na !kete, inayosema tu kwamba ni komwe na zinatoka kwenye mti gani wa pwani, kwa sababu kila laivu lazima atokee mtu anayedhani ni gololi. Na !omweso niliitengeneza kwa ajili ya yule bwana wa Kampala na wenziwe. Omweso wao nao una mashimo 32 na kete 64, ubao ukiutazama kwa juu ni ule ule, kwa hiyo Mganda huingia akiwa na uhakika, kisha anaona ami anakula kete na kuanza kuzipanda kutoka kichwani, na anadhani mzee anaiba. Kwao zilizoliwa huanza kupandwa pale ulipoanzia mzunguko wako. Mstari mmoja unatosha kumtuliza. Mgeni wa namna hiyo ni dhahabu: anajua mchezo, kinachomtatiza ni kanuni za nyumba ya jirani.

Ya saa imenifurahisha mno, na sijaona mtu mwingine akiitaja. Nightbot ana namna ya kutaja saa ya mahali popote ndani ya jibu. Unamwandikia jina la ukanda wa saa na mpangilio unaoutaka. Nikimwekea Dar es Salaam ataniandikia 9:00, na wazee wataniuliza saa tisa ya usiku gani hiyo. Sasa, saa zetu ziko nyuma ya saa ya Kizungu kwa saa 6. Tafuta mji ulio nyuma yetu kwa saa 6 usiobadilisha saa kwa majira, mtajie huo. Buenos Aires. Kwa hiyo !saa yetu inasoma saa ya Argentina, bila AM wala PM, na inatoka 3:00, yaani saa tatu ya usiku kama inavyosemwa barazani. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja, hilo nimeliandika kwa maneno pembeni. Ami hajaambiwa kwamba saa yake inatoka Argentina, na naomba asiambiwe.

Basi hayo ndiyo mazuri. Twende kwenye kukaribisha kwenyewe, maana wengi mnaotafuta roboti mnatafuta ya kusema karibu.

YouTube haikuonyeshi nani kaingia. Unaona namba tu. TikTok ni vingine, jina la anayeingia linapita kwenye skrini, na hapo ndipo ulipozaliwa ule mtindo mnaoujua: "Karibu user na tarakimu saba, karibu sana, gonga gonga skrini, usitoke hivi hivi." Usiku mmoja niliingia laivu ya muuzaji mmoja wa madera, nataka kuona dera la zambarau alilokuwa kalishika. Dera halikugeuzwa mpaka leo. Kila akitaka kuligeuza anaingia mtu, analiacha, anasoma jina. Lilipofika langu nikakaribishwa, sawa, ahsante. Dakika mbili baadaye: "Naona uko kimya, mbona husemi kitu, huna hela?" Kwa utani, najua. Nikatoka, na dera sikununua.

Mtu akipita barazani hutoa salamu, akajibiwa, akasogezewa nafasi ya kukaa, na bao halikusimama. Hakuna anayemgeuzia uso kumuuliza kaja kufanya nini. Akitaka kusema atasema. Akitaka kunywa kahawa yake na kuondoka, kwa heri ya kuonana. Wanaotazama laivu kimya ndio wengi wa watazamaji wa laivu yoyote, na kimya chao ni haki yao. Nightbot, kwa kuwa YouTube haimpi orodha ya wanaoingia, hamjui mtu mpaka aandike, na mie hilo nalihesabu kuwa neema. Linakuzuia kishawishi cha kuwaita watu majina.

Lakini kuna upande wa pili, nao ni wale wanaoandika. Na kwetu, mtu anaandika nini kwanza? Salamu. Hapo nikaona nimepata: nikamtengenezea Nightbot amri isiyo na alama ya mshangao, neno lenyewe tu. Mtu akianza ujumbe kwa "Asalaam", Nightbot anamjibu "Waalaykum salaam" na jina lake, karibu barazani, wanaocheza ni fulani na fulani. Nikaweka na matamshi mengine, maana hakuna wawili wanaoliandika sawa: Assalamu, Aslm, Salaam, A.alaykum, na mmoja hutumia ya Kiarabu kabisa. Kwa ufundi ilifanya kazi barabara. Kila aliyesalimu alijibiwa ndani ya sekunde.

Usiku wa kwanza mzee mmoja akauliza: "Huyu Nightbot mtoto wa nani?"

Gumzo zima likacheka isipokuwa yeye, maana alikuwa hatanii. Kijana kamwitikia salamu kwa adabu, anajua nani anacheza, yuko macho kila mara. Alitaka kumjua ukoo. Nikamweleza kwamba ni mashine. Kukawa kimya, kisha akauliza la pili: je, kama mashine imeitikia, wengine bado tunapaswa kuitikia au imeshatutosheleza? Mungu nisamehe, nililianza mie. Wazee wawili wa Maskati wakaingia, mmoja anasema lazima aitikie mtu, mwingine anasema mashine ni kama sauti ya kaseti tu. Ami kasikia, kaacha kete mkononi, naye akatoa lake. Bao lilisimama. Mgeni aliyeingia saa ile alikuta wazee wanabishana juu ya kaseti.

Jambo lililonifanya niiondoe amri ile halikuwa ubishi, ubishi ulikuwa mtamu. Niliona baada ya Nightbot kuitikia, watu hawakuitikia tena. Kabla yake, mtu wa London akitoa salamu, anajibiwa na Mombasa, Dar na Maskati, mistari minne mitano, na ndani yake kuna "za siku nyingi" na "bibi hajambo?". Roboti alipowahi, wengine waliona salamu imeshapokelewa, wakanyamaza. Mgeni alipata jibu la haraka na mapokezi baridi. Nikaifuta. Sasa salamu naitikia mwenyewe kwa mkono, na nikichelewa kidogo siumii, maana wenzangu wananiwahi, na huko kuwahiana ndiko ninakokutaka.

Nyota ya tano imekwenda hapo. Si kosa lake, alifanya nilichomwagiza. Lakini matangazo ya roboti hizi zote yanapenda kukuonyesha salamu ya kujiendesha kama ndiyo shada la maua mlangoni, na mtu mpya anayefungua chaneli atadhani kukaribisha kumekwisha.

Ujumbe wa kujirudia nao una lake. Unamwekea maneno ayaseme kila baada ya muda fulani, na unaweka pia kiwango cha chini cha mistari ya gumzo, ili asijisemee peke yake ukumbini. Ni busara, lakini fikiria: gumzo likiwa zito, ujumbe unatoka na unazama chini ya mazungumzo kabla mgeni hajausoma. Gumzo likiwa kimya, ambapo mgeni anaingia na kukuta hakuna wa kumwambia kitu, hautoki. Ukishusha kiwango, anageuka kasuku. Tulihangaika nao kisha tukaona dawa iko YouTube yenyewe, na ni bure: pini ujumbe mmoja juu ya gumzo. Wa kwetu una mambo matatu, wanacheza nani, mtazame safu ya mbele, uliza chochote kwa lugha yoyote. Unakaa pale pale hata mtu akiingia saa sita ya usiku. Kipengele cha kujirudia nimemwachia kazi moja, kukumbusha siku za laivu, kila baada ya nusu saa.

Vichujio vyake, vya kufuta ujumbe usiofaa, vinataka mtu anayejua Kiswahili, na wenyewe havikijui. Kile cha herufi kubwa hakikisha kimezimwa tangu siku ya kwanza. Kimewekwa kwa ajili ya watoto wanaopiga kelele kwenye michezo ya bunduki. Kwetu wanaoandika kwa herufi kubwa ni watu wa miaka 70 ambao simu imewashwa hivyo na mjukuu na hawajui kuizima. Kikiwa kimewashwa, utakuwa unafuta ujumbe wa babu za watu na kuwapa onyo la Kiingereza juu yake. (Maneno ya onyo unaweza kuyaandika upya. Nimeandika "Samahani mzee wangu".) Kile cha viungo (linki) kiwe kimewashwa, wauza dawa za nguvu na mikopo ya haraka hawalali, mgeni mwenye kiungo cha haki moda anamruhusu kwa amri ya !permit na jina lake.

Orodha ya maneno ya kuzuia ndiyo ya kuangalia kwa macho mawili. Unayaandika mwenyewe, na unaweza kuweka kinyota mwishoni ili neno lizuiwe na mikia yake yote. Kwa Kiingereza huenda inafaa. Kwa Kiswahili, ambako neno moja hubeba sentensi nzima mgongoni, kinyota ni hatari. Kuna tusi moja la nguoni, mnalijua, lina herufi nne. Liandike kwenye orodha na kinyota chake, kisha angoja mgeni mwenye adabu zake aandike "naona wanakaribia kumaliza". Ujumbe umefutwa. Akajaribu "ninachotaka kumaanisha ni". Umefutwa. Atadhani tumemkataa kwa nasaba yake. Andika maneno kamili, bila kinyota, na mengine yaachie mamoda.

Na kuna maudhi ambayo kichujio chochote hakiyaoni kwa sababu hayana neno chafu hata moja. Mgeni anauliza nyumba ndiyo ipi. Mwenyeji wa siku nyingi anajibu: "Huyu hata nyumba haijui, kaja kufanya nini?" Halafu vicheko vitatu. Maneno yote safi, Nightbot kapita nayo kama hakuna kitu. Mgeni huyo humwoni tena. Kwa hili sina huruma: namtoa mcheshi gumzoni kwa muda, kwa mkono wangu, hata awe rafiki wa ami, hata awe ametuchangia taa. Alikuwapo mmoja alinuna, akarudi wiki ya pili, na sasa yeye ndiye wa kwanza kuwaonyesha watu nyumba iko wapi. Wengine hawakurudi.

Niseme na jambo ambalo halina roboti, kwa kuwa linafanya kazi kuliko amri zangu zote. Mgeni akiuliza swali zuri, simjibu gumzoni. Nachungulia mlangoni: "Ami, kuna mtu Tanga anauliza mbona hukula pale kushoto." Ami hainui kichwa. Anasema, "Mwambie ningekula pale, mwenzangu angeila nyumba yangu kwa hii," na kidole chake kinashuka kwenye shimo lenyewe, mbele ya kamera, kinaligonga mara mbili. Sekunde kadhaa baadaye mtu wa Tanga anakiona kile kidole. Hapo kaingia. Naweza kubashiri kwa uhakika mkubwa kwamba anayejibiwa hivyo atabaki mpaka bao liishe, na mara nyingi wale waliokuwa kimya nao huanza kuuliza, maana wameona kuuliza hakuchekwi. Nightbot mchango wake hapo ni kuniachia mikono mitupu ili niweze kusimama mlangoni. Si mchango mdogo.

Kwa hiyo nani amchukue? Kama una watazamaji watano na wote ni binamu zako, huna haja naye. Pini ujumbe wako na uongee nao. Kama laivu yako ni ya maneno matupu, mahojiano, mawaidha, mtu anasikia anachokuta, utamtumia kwa ratiba na viungo tu. Lakini kama unaonyesha kitu ambacho asiyekijua haoni, bao, karata, ushonaji wa kofia, kuunda jahazi, ufundi wa simu, mchukue leo, na utumie jioni moja kuandika majibu mafupi. Yaandike ukiwa na anayejua kazi hiyo kuliko wewe, kisha msomee mtu asiyejua kabisa. Mie humsomea mke wa mdogo wangu, ambaye bao halimhusu hata kidogo. Akisema "sasa?" najua bado.

Ana pia bahati nasibu ya watazamaji, sijaigusa. Na ana kipengele cha watu kuomba nyimbo zipigwe kwenye laivu. Hicho kimezimwa na kitabaki kimezimwa. Ami ana redio yake na taarabu yake, na hapokei maombi.